Mguu Juu Kuliko Moyo

Jumatatu, 3 Aprili 1995

Nesi Maximiliana wa zahanati ya misheni ameniambia nitafute daftari. Kila jioni nipime kidonda kwa rula, niandike urefu na upana wake, na niandike nimeshinda nimesimama vipindi vingapi. Nimechukua daftari la hesabu lililobaki darasa la nne. Leo ni sentimita sita kwa nne. Vipindi saba.

Kidonda kiko upande wa ndani wa mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Kina miaka mitatu. Wanafunzi wa madawati ya mbele huziba pua wakidhani sioni. Nimezaa watoto saba, na tangu yule wa tano mishipa ya miguu imevimba na kujikunja, na ikifika jioni nasikia uzito kinenani, kana kwamba kuna kitu kinataka kudondoka. Nilijua ndiyo uzee. Nina miaka thelathini na tisa.

Nesi alinichorea chini kwa kijiti. Ndani ya mshipa kuna vilango. Damu ikipanda, kilango kinajifunga isirudi. Vyangu vimelegea.

"Damu yako kushuka inashuka, kupanda ndiyo haiwezi," akasema. "Hakuna aliyekuroga, Mwalimu. Dawa yake ni kuubana mguu, kila siku, kabla hujakanyaga chini asubuhi mpaka unaporudi kulala."

Bendeji za mpira zimekwisha na hajui kama zitaletwa tena. Siku hizi kila mtu anajitafutia. Akaniambia niende mnadani Dutwa, kwenye mitumba. Wazee wa Ulaya huvaa soksi ndefu za kubana, wakifa wajukuu wanazitupa pamoja na nguo nyingine.

Halafu akanishika mkono, akanitazama. "Na hili ulishike. Mshipa wa namna hii unaweza kupasuka. Ukipasuka, usikae, usisimame. Lala chini, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, mtu abane penyewe kwa kitambaa safi. Damu itasimama. Wafundishe na wengine nyumbani."

Nikaitikia.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimezipata. Muuzaji alikuwa anazinadi kama soksi za golikipa. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, zinafika chini ya goti, na ukizivuta zinarudi kwa nguvu. Nilijifanya nanunulia mtoto wa shule.

Nyumbani Mayu Milembe, mama mkwe wangu, ameziona kwenye kamba. "Mwalimu, hiyo ngozi ya nani?" Nyanjige akacheka mpaka akashika tumbo.

Nyanjige ni mke mwenzangu, mwaka wa sita huu. Ana watoto wawili na mimba ya miezi mitano. Bundala, mume wetu, alimjengea nyumba ya bati. Mimi niko kwenye ile ya nyasi niliyoingia nikiwa mwali.

Jumatatu, 17 Aprili

Kuzivaa ni kazi. Dakika ishirini nimelala chali, navuta, jasho linanitoka. Vipindi sita. Jioni mguu haujavimba. Niliubonyeza kwa kidole, hapakubaki shimo.

Ijumaa, 28 Aprili

Sita kwa tatu na nusu. Mvua imerudi, pamba inafunguka na kulowa.

Jumanne, 9 Mei

Tano na nusu kwa tatu na nusu. Vipindi sita.

Jumamosi, 20 Mei

Leo tulikuwa lamboni tunafua, mimi na Nyanjige tu. Aliangalia soksi zangu kwa muda.

"Dada, hivi hizo zinasaidia kweli?"

"Ni za ugonjwa wangu."

Akatazama nyuma kama kuna mtu, akapandisha kanga. "Na huu wangu ni ugonjwa gani?"

Sikuwahi kuiona miguu yake hivyo. Mishipa imepanda kutoka wayo mpaka pajani, ya kijani na buluu, na karibu na kifundo cha kulia mmoja umetuna kama kupe aliyeshiba, ngozi ya juu yake nyembamba inang'aa.

"Na huku juu pia," akasema taratibu, "hapa pa kuzalia. Pamevimba. Nikisimama kutwa, jioni siwezi hata kukaa. Bundala anasema ninategea kazi."

Ana miaka ishirini na nne.

Maneno yote ninayo. Ningemwambia asinung'unike peke yake, mimi pia kinena kinaniuma. Ningemwambia twende kwa nesi Jumamosi ijayo. Ningemwambia afanyeje ukipasuka. Nilikuwa naangalia kanga yake, ile ya maua mekundu ambayo Bundala alimletea kutoka Mwanza mwaka jana alipokwenda kuuza ng'ombe, na mimi akaniletea sabuni.

"Hizi zilipimwa kwa mguu wangu," nikasema. "Ukizivaa wewe zitadhuru mimba."

"Sawa, dada."

Akashusha kanga akaendelea kufua. Mnadani hakuna aliyenipima mguu. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kulisema.

Jumatano, 24 Mei

Tano kwa tatu. Vipindi saba.

Jumamosi, 3 Juni

Kwa nesi. Nne kwa mbili na nusu. Amefurahi, amesema wengi hawana subira. Kisha akauliza kama nyumbani kuna mwanamke mwingine mwenye mishipa kama hii, hasa mwenye mimba, kwa maana mimba huibana mishipa ya nyonga na kuijaza kuliko kawaida.

"Hakuna," nikasema.

"Na umewafundisha la kufanya?"

"Nimewafundisha."

Sijui kwa nini niliendelea. Neno la kwanza lilikuwa wivu. La pili lilikuwa kulifunika la kwanza.

Jumatatu, 12 Juni

Homa. Sikwenda shule.

Jumapili, 18 Juni

Nilikuwa na malaria kali, siku nne sikujitambua. Nimeambiwa Nyanjige ndiye aliyelala kwenye nyumba yangu. Asubuhi ya leo nilifungua macho nikamkuta amekaa chini, mguu wangu uko mapajani mwake, anaosha kidonda kwa maji ya chumvi kama alivyoniona nikifanya. Hakuziba pua. Alipomaliza akachukua soksi, akaanza kunivalisha, ulimi umetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Nimekuvalisha kila siku kabla hujaamka," akasema. "Nilisikia ukisema usikanyage chini bila kuvaa."

"Nilisema saa ngapi?"

"Ulikuwa unaweweseka."

Niligeuzia uso ukutani, akadhani nalia kwa homa.

Miaka sita nimeishi na msichana huyu, na kumbe nilichokuwa nakijua ni nyumba yake ya bati.

Jumanne, 27 Juni

Nimezungumza na Bundala. Nimemwambia Nyanjige lazima aende zahanati, miguu yake ni mibaya kuliko yangu.

"Akienda huko atarudi na maneno ya kupumzika," akasema. "Pamba iko shambani, Mama Keneth. Lori la mnunuzi linakuja mara moja. Zamani chama cha ushirika kilikuwa pale pale, unapeleka siku unayotaka. Hawa wa siku hizi wakikupita, wamekupita. Lori likishaondoka, mpeleke hata hospitali ya Bugando."

Sikubishana. Bundala si mtu mbaya. Alikuwa karani wa chama cha msingi, alivaa shati lenye kalamu mfukoni, na sasa ghala limefungwa naye anasimama barabarani kusikiliza injini.

Ningeweza kumwambia Nyanjige mwenyewe, leo leo, jikoni. Maneno yenyewe si mengi. Lakini ningetaka asikie kwa nesi, ili asijue kwamba mimi nilijua tangu Aprili. Jumamosi ya tarehe nane nitamtorosha, tutaondoka alfajiri.

Jumamosi, 8 Julai

Hatukwenda. Habari zimekuja kwamba lori litafika katikati ya wiki. Watu wote wako kwenye pamba, wanatenga safi na fifi, ile chafu. Nyanjige amesema, "Dada, tumalize kwanza, Jumamosi ijayo twende tukiwa hatuna mawazo." Tumbo limekuwa kubwa. Anatembea amepanua miguu.

Tatu kwa moja na nusu.

Alhamisi, 13 Julai

Naandika ya jana.

Lori lilikuja asubuhi. Nilikuwa shule, kipindi cha nne, darasa la sita, nafundisha hesabu za sehemu. Nikasikia mwano, lile yowe letu la kuitana, kutoka upande wa kwetu. Niliacha chaki nikakimbia. Sikuwa nimekimbia kwa miaka mitatu.

Nyanjige alikuwa ndani ya gunia, anashindilia pamba kwa miguu. Kazi hiyo hupewa mtu mwepesi, lakini vijana walikuwa kwenye mizani, naye akaingia mwenyewe. Alipotoka, watu waliona pamba ya juu ni nyekundu. Alidhani amejikata. Hakusikia maumivu. Ile sehemu iliyotuna kama kupe ilikuwa imepasuka.

Nilipofika walikuwa wamemkalisha kwenye kigoda, amemwegemea Mayu Milembe. Mayu alikuwa amemfunga kamba ya katani juu ya goti, ameikaza kwa nguvu zake zote, na mguu ulikuwa unaning'inia. Damu ilikuwa haidondoki, ilikuwa inaruka, uzi mwembamba, unafika mbali. Chini yake udongo ulikuwa umeshakuwa tope. Mtu alikuwa amepaka majivu. Mwingine alikuwa anampa maji.

"Dada," Nyanjige akasema, "naona giza."

Nilimvuta kutoka kwenye kigoda. Mayu akanipigia kelele, "Unamwangusha!" Nilimlaza chini, nikakata kamba, nikauweka mguu wake begani kwangu, nikabana kwa ncha ya gauni langu na vidole viwili.

Ikasimama.

Mara moja. Kama mtu aliyefunga bomba. Hata nusu dakika haikufika. Watu wote wakaniangalia, na mimi nikaangalia vidole vyangu.

Dereva wa lori, Marcelo, yule ambaye mwezi mzima tumekuwa tukisema ana mizani ya wizi, alikuwa tayari juu ya mzigo anatupa magunia chini. "Shusheni! Shusheni, pamba haifi!" Bundala alimbeba mkewe. Nilipanda nao, mguu bado begani mwangu. Barabara ni mbovu, kila shimo nilikuwa nakaza vidole. Sikuacha. Damu haikutoka tena hata tone.

Lakini ilikuwa imeshatoka yote. Midomo yake ilikuwa nyeupe. Akaniuliza, "Leo Jumamosi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi tunakwenda," akafumba macho. Baada ya mto, kabla ya Dutwa, Bundala akasema, "Mwalimu, amekuwa mzito." Mtoto aliendelea kucheza tumboni kwa muda baada yake. Nilimsikia kwa mkono wangu. Kisha naye akatulia.

Niliendelea kubana mpaka Marcelo mwenyewe alipokuja kunifungua vidole.

Ijumaa, 14 Julai

Tumemzika, yeye na mtoto.

Jumapili, 16 Julai

Watoto wake wako kwangu. Mkubwa anakula. Mdogo anakwenda kukaa mlangoni kwenye nyumba ya bati.

Jumatano, 19 Julai

Nilipokwenda kuchota maji wanawake walisogea. Nilidhani wananipa nafasi kwa msiba. Kisha nikasikia mmoja nyuma yangu: "Ameizuia kwa vidole viwili. Anayefunga ndiye aliyefungua."

Bado nilichota maji. Nilirudi nayo nyumbani nikayamwaga.

Ijumaa, 21 Julai

Wazazi wawili wamewatoa watoto wao darasani kwangu. Mwalimu Mkuu ameniambia nipumzike wiki moja. Hakunitazama. Jioni Mzee Nyanda, mtemi wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, ametuma watu wawili wenye mishale. Kesho saa nne niwe uwanjani.

Najua wanayofanyiwa wanawake wanaoitwa wachawi. Nimefundisha watoto wa mama mmoja wa Mkula ambaye hakuamka. Usingizi hauji, na jambo la kutisha ni kwamba siogopi. Naona kama wamekuja kuchukua kitu ambacho ni chao.

Jumamosi, 22 Julai

Kijiji kizima kilikuwepo, wanaume mbele. Mzee Nyanda hakuwa mkali. Aliuliza swali moja.

"Mwalimu Esteria, mama mkwe wako ni mtu mzima, amezalisha wanawake wengi, damu ilimshinda. Wewe umefika, umegusa, imekoma. Ulijuaje?"

Ningeweza kusema nilisoma kitabuni. Wangekubali, mimi ni mwalimu.

"Nilifundishwa," nikasema. "Mwezi wa nne, na nesi Maximiliana. Mna haki ya kumwuliza. Ni ugonjwa wa mishipa, hata mimi ninao." Nikapandisha gauni mbele ya wanaume wote, nikashusha soksi, nikaonyesha mguu. "Mtu wa mshipa uliopasuka analazwa chini. Mguu unainuliwa juu kuliko moyo. Panabanwa palipopasuka. Basi. Ukimkalisha damu inazidi. Ukifunga kamba juu ya goti inazidi. Nyanjige angelazwa mapema, leo angekuwa hapa."

"Na nyumbani kwako nani mwingine alijua haya?"

"Hakuna. Niliambiwa niwafundishe. Sikufundisha. Nyanjige alinionyesha miguu yake mwezi wa tano, akaniuliza habari za soksi, nikamdanganya. Nilikuwa na wivu naye."

Nikasikia mtu mmoja nyuma akivuta pumzi. Mzee Nyanda akasema jambo hili si la sungusungu, ni la nyumba ya Bundala, watu watawanyike.

Bundala hakutawanyika. Alikuja mpaka karibu, nikadhani atanipiga, nikataka anipige.

"Bora ungekuwa mchawi," akasema. "Mchawi tungejua la kumfanya."

Jumatatu, 24 Julai

Nimehamia chumba cha nyumba ya walimu; wanangu wamebaki kwa baba yao. Watoto wa Nyanjige wamechukuliwa na mama yao mdogo anayeishi Nassa. Walipopandishwa kwenye baiskeli, yule mdogo alinipungia mkono.

Jumanne, 1 Agosti

Kwa nesi. Kidonda kimefunga. Aliweka rula, akaitoa, akacheka, akaita wagonjwa waliokuwa kwenye benchi waje waone. "Miaka mitatu! Huyu ni mwanafunzi wangu bora!" Akapiga makofi, nao wakapiga. Ngozi mpya ni nyororo, ya waridi, kama ya mtoto mchanga.

Sikuweza kumwambia. Nilitembea kurudi, kilomita tisa, mguu haukuuma hata kidogo. Nimeutafuta uchungu njia nzima.

Jumamosi, 5 Agosti

Leo jioni Mayu Milembe amekuja, peke yake, na fimbo yake. Sikutegemea. Tangu msiba hajasema na mtu.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia nikipiga goti.

Hakuitikia salamu. Alisimama uani, mikono juu ya fimbo, anahema.

"Mwalimu. Yale uliyoyasema uwanjani. Sikio langu ni baya, nilikuwa nyuma. Nataka unieleze mwenyewe. Ningemlaza tu?"

Niliona tena jinsi alivyoishikilia kamba siku ile, mishipa ya shingo imemsimama, anamwita Nyanjige kwa jina la mama yake. Alimpenda kuliko sisi wote. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: hapana mayu, isingesaidia, siku yake ilikuwa imefika. Ungemtosha mpaka kufa kwake. Lakini ninajua uongo wangu unavyoanza na unapoishia, na mwakani kutakuwa na pamba tena, na wanawake wenye mimba ndani ya magunia, na huyu ndiye wanayemkimbilia.

"Ndiyo, mayu," nikasema. "Ungemlaza tu. Na kumwinua mguu. Hukujua, kwa sababu mimi sikusema."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi.

"Na pale uwanjani, ulisema habari za kumkalisha. Na kamba."

"Nilisema."

"Watu walisikia?"

"Walisikia, mayu."

"Basi wote wanajua ni mimi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Naandika ukweli: siku kumi na nne nimeubeba msiba huu kama wangu peke yangu, nikaona hata kusimama mbele ya watu na kukiri ni jambo zuri nimefanya, na sikufikiria kwamba kila neno nililolisema pale lilikuwa linamwelekea mtu mwingine, mwanamke wa miaka sabini, aliyefanya yote aliyoyajua.

"Wameacha kuniita kuzalisha," akasema. "Nilikuwa sijui sababu."

Nilimtandikia mkeka. Nilidhani ataondoka, lakini akakaa kwa shida, akanyoosha miguu mbele yake. Nami nikakaa. Wanawake walikuwa wanatoka kuchota maji, ndoo kichwani, wengine nimewafundisha kusoma, wengine yeye ndiye aliyewapokea walipozaliwa. Walituona kutoka mbali, wawili kwenye mkeka mmoja. Wakapunguza sauti, wakapita.